Je, Yafaa Kumwumiza Mgonjwa ili Apone?



Siku moja, baada ya mafundisho ya jioni, baba mmoja alibaki chini ya mwembe wenzake walipokwisha kwenda zao. Alikuwa katika mwaka wake wa mwisho wa ukatekumeni. Mtu mpole, asiyependa maneno mengi. Akaniambia: «Mwalimu, nina neno linaloninyima usingizi. Mtoto wangu aliugua ugonjwa wa damu. Mjini walimpa dawa. Nywele zake zikaanguka zote, kinywa chake kikajaa vidonda, akatapika mchana na usiku. Nikasema moyoni: Hawa wanamwua. Nikamchukua, nikamrudisha nyumbani. Kwa majuma machache alionekana mzima, akacheza na wenzake. Kisha ugonjwa ukarudi, naye akafa. Sasa niambie: dhambi ni yangu mimi niliyemwondoa, au ni yao waliompa sumu? Nitabatizwaje na neno hili moyoni?»

Sikumjibu jioni ile, kwani sikuwa na jibu. Nilimwambia: «Baba, nipe muda.» Nikamwuliza padri, nikawauliza wanaojua mambo ya hospitali, nikasoma. Jibu nililompa ndilo ninalowaandikia ninyi leo, naye ameniruhusu. Maana swali lake si lake peke yake. Ni swali la kila mzazi aonaye mtoto wake akiumizwa na wale waliosema watamponya.

Kwanza tujue ugonjwa wenyewe

Ndani ya mifupa yetu mna uboho. Humo Mungu amepanga damu yetu izaliwe kila siku: chembe nyekundu zichukuazo nguvu ya pumzi mwilini, vipande vidogo vizuiavyo damu isitoke ovyo penye jeraha, na chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Katika ugonjwa uitwao lukemia, yaani kansa ya damu, askari wachanga hawakui. Hawajifunzi kazi, hawapigani na adui; huongezeka tu bila mwisho, hata kambi yote ikajaa. Ndipo chembe nyekundu hukosa nafasi, na mtoto huishiwa nguvu, viganja vyake hupauka. Damu humtoka puani na katika ufizi. Homa huja, huenda, hurudi. Mifupa humwuma. Lukemia iitwayo kali huenda mbio: isipotunzwa, huua kwa majuma au miezi michache.

Wazazi wengi husema: Ni malaria. Mara nyingi husema kweli. Lakini homa isiyosikia dawa, pamoja na kutokwa damu na kupauka, yataka mtoto apelekwe hospitali upesi, apimwe damu. Tena mjue neno hili: lukemia haiambukizi, wala haitumwi na mtu. Bibi mzee wa nyumba ya pili hakuileta. Amshtakiye bibi huyo amwongezea Shetani kazi, na mtoto hamsaidii hata kidogo.

Dawa iumizayo

Zamani ugonjwa huu haukuwa na dawa. Mwaka wa 1948 mganga Sidney Farber, wa mji wa Boston katika Marekani, aliandika habari za watoto 16 aliowapa dawa mpya ya kuzuia chembe za ugonjwa zisiongezeke. Kumi kati yao walipata nafuu. Lakini nafuu ile haikudumu, ugonjwa ulirudi. Dawa moja peke yake haikutosha.

Baadaye waganga walitia shauri jipya: kuziunganisha dawa nyingi, kila moja ikimpiga adui kwa njia yake. Mwaka wa 1962 ilifunguliwa katika mji wa Memphis hospitali ya watoto yenye jina la Mtakatifu Yuda Tadeo, kwa sababu mwanzilishi wake, mchezaji wa michezo ya kuigiza aitwaye Danny Thomas, alikuwa amemwekea mtakatifu huyo nadhiri. Humo mganga Donald Pinkel aliziunganisha dawa hizo kwa uvumilivu mwingi. Watoto walioanza kutunzwa kwa njia yake mwaka wa 1967 na 1968, karibu nusu yao wakapona kabisa. Hapo kwanza karibu wote walikuwa wakifa.

Moja ya dawa hizo yatoka katika ua mnalolijua. Ni lile ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, lenye asili ya Madagaska, ambalo watu hulipanda mbele ya nyumba katika nchi nyingi za joto. Mungu alificha dawa katika ua ambalo sisi twalipita kila siku. Lakini jihadharini: ua hilo ni sumu. Asiwepo mtu wa kulichemsha na kumnywesha mtoto. Mafundi huitoa dawa ndani yake, wakaisafisha, wakaipima kwa vipimo vidogo sana.

Dawa za namna hii, ziitwazo kemoterapia, huua chembe zinazoongezeka upesi. Chembe za lukemia huongezeka upesi. Lakini chembe za nywele nazo huongezeka upesi, na za kinywa, na za tumbo. Kwa hiyo nywele huanguka, vidonda hutoka, mgonjwa hutapika. Dawa haichagui vizuri kati ya adui na raia. Tena yadumu muda mrefu, miaka miwili na zaidi. Kwani chembe chache za ugonjwa hujificha, nazo zikiachwa, huamka tena. Ndiyo maana mtoto wa yule baba alionekana mzima, kisha akaanguka. Ugonjwa ulikuwa umelala, haukuwa umekufa.

Je, si kama mwavi?

Hapa ndipo penye swali. Wazee wetu waliujua mwavi, ile sumu aliyonyweshwa mtu aliyeshtakiwa ulozi. Akitapika, ameshinda, akifa, ana hatia. Wamisionari wakatufundisha kuwa jambo hilo ni baya sana mbele ya Mungu. Sasa mtu aweza kuuliza: Mwavi ni sumu, na dawa hii ni sumu. Kwa nini ule ni dhambi, na hii ni halali?

Eklezya hutufundisha kutotazama mkono peke yake, bali na moyo unaouongoza, na kazi yenyewe, na mwisho wake. Tutazame mambo manne.

La kwanza ni nia. Mwavi ulitolewa ili kumhukumu mtu. Dawa yatolewa ili kumwokoa. Mganga hataki nywele zianguke. Kama angeweza kumponya mtoto bila kidonda hata kimoja, angefurahi.

La pili: jambo baya lisiwe njia ya kulifikia jema. Mtoto haponi kwa sababu nywele zake zimeanguka, wala kwa sababu ametapika. Apona kwa sababu chembe za ugonjwa zimekufa. Maumivu yafuatana na dawa kama moshi ufuatanavyo na moto wa kupikia. Mama hapiki kwa moshi, apika kwa moto; lakini moshi auvumilia, watoto wapate kula.

La tatu ni kipimo. Faida yapaswa kuwa kubwa kuliko madhara. Mtakatifu Tomasi wa Akwino alifundisha zamani kuwa ni halali kukata kiungo kilichooza ili mwili wote uokoke. Kiungo ni kwa ajili ya mwili. Lakini akatiye mkono kwa sababu ya mwiba, huyo atenda ubaya.

La nne ni ridhaa. Mnywa mwavi alilazimishwa. Mgonjwa yapasa aelezwe, na mzazi wake aelezwe, kisha akubali kwa hiari. Baba Mtakatifu Pio XII, aliposema na waganga mwezi wa Septemba mwaka wa 1952, aliwakumbusha kuwa mganga hana mamlaka juu ya mgonjwa ila yale aliyopewa na mgonjwa mwenyewe. Mwili si mali ya hospitali.

Basi penye nia njema, kipimo chema, ridhaa, na wema usiopatikana kwa njia ya uovu, maumivu ya dawa si dhambi. Ni mzigo wa upendo.

Dawa ya kuwaamsha askari

Sasa sikilizeni habari za siku hizi, kwani zatufundisha neno jingine.

Mwili una askari wake. Mbona hawampigi adui huyu? Kwa sababu hawamtambui. Chembe ya lukemia imezaliwa nyumbani. Imevaa nguo za nyumbani. Askari wapita karibu nayo wakidhani ni ndugu. Kwa hiyo wataalamu walitafuta dawa isiyoua yenyewe, bali iwafumbuayo askari macho. Njia hiyo yaitwa imunoterapia. Dawa moja ya namna hiyo, iitwayo blinatumomabu, ilipata ruhusa kwanza katika Marekani mwezi wa Desemba mwaka wa 2014. Yafanya kazi kama mtu mwenye mikono miwili: kwa mkono mmoja amshika mwizi nguo, kwa mkono wa pili amvuta askari, akamwambia: Huyu hapa! Ndipo askari humwua adui. Dawa huingia katika mshipa polepole, tone kwa tone, usiku na mchana, kwa siku 28.

Labda mtasema: Basi ile dawa kali itupwe, ibaki hii tu. Kwa watoto, waganga hawakufanya hivyo. Waliziunganisha. Katika Marekani, Kanada, Australia na Nyuzilandi, watoto 1,440 wenye lukemia ya chembe zile ambazo dawa hii yaweza kuzishika waligawanywa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza walipewa kemoterapia peke yake. Fungu la pili walipewa kemoterapia hiyo hiyo, na vipindi viwili vya dawa ya kuwaamsha askari. Habari zilitangazwa mwezi wa Desemba mwaka wa 2024. Kwa hesabu ya miaka mitatu, katika kila watoto 100 wa fungu la kwanza, kama 88 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Katika fungu la pili, walikuwa 96. Mwaka huo huo yaliandikwa pia mambo ya watu wazima wa miaka 30 mpaka 70, ambao kemoterapia ya kwanza ilikuwa imezifukuza chembe zote zilizoweza kuonekana. Waliopata dawa zote mbili, kama 85 katika 100 walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Waliopata kemoterapia tu, kama 68.

Hata dawa hii mpya yaweza kuumiza. Yaleta homa, pengine yavuruga akili kwa muda, tena yaua na askari wazima wa namna ile ile, hata magonjwa mengine yakapata mlango. Wala haifai kwa kila namna ya lukemia. Lakini tazameni jinsi zinavyosaidiana. Dawa kali yapunguza jeshi la adui. Askari walioamshwa wawatafuta wachache waliojificha.

Nilipoyasoma hayo, nilimkumbuka Msamaria mwema wa Evanjili. Mtakatifu Luka asimulia kwamba alipomwona mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, alitia katika vidonda vyake mafuta na divai. Mafuta hutuliza, divai huuma. Angetia divai peke yake, mtu yule angelia tu. Angetia mafuta peke yake, labda kidonda kingeoza. Alitia vyote viwili, naye Bwana wetu alimsifu. Kisha, neno ambalo twalisahau, hakumwacha pale njiani. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumbani mwa wageni, akakaa naye, akalipa gharama. Divai, mafuta, na kukaa naye: mambo hayo matatu ndiyo utunzaji wa mgonjwa.

Maswali ambayo yaweza kuulizwa

Wa kwanza atauliza: Wale watoto walichaguliwa kwa kura. Je, ni haki kumpigia mgonjwa kura? Nasema: Kura ingekuwa mbaya kama waganga wangekuwa wamekwisha kujua lipi ni bora, wakawanyima wengine. Lakini hawakujua bado. Walioikosa dawa mpya hawakuachwa. Walipewa utunzaji bora uliojulikana siku zile, na wazazi waliombwa ridhaa. Mwaka wa 2024, mara ilipoonekana wazi kuwa dawa mbili zashinda moja, kura ilikomeshwa. Ndivyo haki itakavyo: usiyejua, tafuta kwa unyofu, ujuapo, usikawie.

Wa pili atauliza: Tukikimbilia hospitali, si kumtilia Mungu shaka? Yezu hakutufundisha kuubeba msalaba? Nasema: Aliyeliumba ua la Madagaska ni Mungu. Aliyempa mganga akili ni Mungu. Maandiko matakatifu, katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, yatuagiza kumheshimu mganga, na tena kusali katika ugonjwa. Hayatutenganishii mambo hayo mawili. Msalaba twaubeba pale usipoweza kuondolewa kwa haki. Naye achukuaye dawa kali kwa uvumilivu ameubeba tayari.

Wa tatu atauliza: Dawa hizi ni za matajiri. Sisi zatuhusu nini? Ndugu zangu, neno hili ni zito, wala sitalifunika. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema kuwa katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika 100 wenye kansa hupona, na katika nchi nyingi za maskini hawafiki 30. Mtoto wa Memphis na mtoto wa kijiji chetu wameumbwa na Mungu mmoja. Mwaka wa 2021 shirika hilo na ile hospitali ya Memphis walianzisha mpango wa kuzipa nchi maskini dawa za kansa za watoto. Jirani yetu Zambia iliwekwa katika nchi za kwanza. Ni mwanzo. Penye upungufu kama huo, wenye nguvu wana deni mbele ya Mungu. Lakini maskini asijihukumu. Pio XII alifundisha, mwezi wa Novemba mwaka wa 1957, kuwa mtu amefungwa kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, kwa kadiri ya mahali, wakati na hali yake. Hafungwi kubeba mzigo upitao nguvu zake. Asiyeweza kuipata dawa mpya hana dhambi. Tena ile ya zamani, ikishikwa mpaka mwisho, imewaponya wengi kabla ile mpya haijazaliwa.

Nilivyomjibu yule baba

Nilimwambia hivi: «Baba, waliompa mtoto dawa hawakutenda dhambi. Walitaka kumwokoa. Lakini palikosekana neno moja: hakuna aliyekaa nawe akakueleza kuwa nywele zitaanguka na kuota tena, na kwamba mtoto aonekanapo mzima, kazi haijaisha. Nawe hukutenda dhambi ya kumwua. Ili pawe na dhambi kubwa, yatakiwa mtu ajue na atake. Wewe hukujua. Ulimwona mwanao akiumia, ukamkimbilia kwa upendo. Upendo wako ulikosa mwanga, haukukosa wema. Huzuni yako ni halali, ichukue mbele ya Mungu. Hatia usiichukue, si yako.»

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema: «Na wengine, Mwalimu? Ni nani atakayewaeleza?» Nikamwambia: «Wewe.» Usiku wa Pasaka alibatizwa, akaomba jina la Luka, mtakatifu aliyekuwa mganga. Tangu siku hiyo, mzazi wa kijijini akiwa na mtoto mjini katika dawa kali, yeye hupanda njia kwenda kukaa naye.

Maazimio yetu

Basi, wapenzi wakatekumeni, tushike mambo haya. Homa isiyosikia dawa, na damu isiyokoma, tusiziache nyumbani. Kabla ya kukubali dawa, tuulize: Itauma wapi? Itadumu muda gani? Itaishaje? Kuuliza si ukaidi. Ni ridhaa ya mtu mwenye akili. Tukiisha kuianza, tusiikate katikati kwa kuwa mtoto aonekana mzima. Tusimshtaki mtu ulozi. Na mgonjwa wa jirani tusimwachie divai peke yake: twende na mafuta yetu, yaani chakula, nauli, maji ya kunawa, na saa moja ya kukaa pamoja naye.

Ee Bwana Yezu, wewe uliyegusa wagonjwa kwa mkono wako, wape waganga mkono mpole na neno la wazi. Wape wazazi moyo wa kuvumilia mpaka mwisho. Na watoto waliotutangulia, uwakumbatie mpaka tutakapoonana nao tena. Amina.